Vidonge vya Nywele

Shemeji yangu ana saluni, ana mdomo, na ana moyo mkubwa kuliko vyote viwili. Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani namchukia. Chuki sina. Hasira ninayo, tena ya kutosha kumgawia na jirani.

Mke wangu ni mdogo wake. Saratani ya ovari ilipompata alipasuliwa, kisha akawekewa dripu za dawa kali ambazo huua ugonjwa na kuondoka na kila unywele uliopo njiani. Akabaki na kipara, hana nyusi, hana kope. Mimi ni fundi wa makochi. Nimezoea kuona kitu kizuri kikivuliwa mpaka zikabaki mbao na misumari, lakini huwa najua kwamba nitakivika tena. Huyu sikujua nitamvika nini.

Ndugu walikuja na kila walichokuwa nacho: mizizi, magome, unga wa majani, maji ya kuombewa. Daktari wetu, mama mmoja asiyecheka ovyo, alikuwa ametuonya kwamba mgonjwa asitumie dawa yoyote ya pembeni. Basi nikajipa kazi ya ubawabu. Mjomba wake alileta chupa ya maji meusi, nikaipokea kwa mikono miwili, nikamshukuru sana, na alipotoka tu nikaimwaga chooni. Nilijiona mjanja. Nilisema mlangoni kwangu hapiti mtu na gome lake.

Shemeji hakupita mlangoni. Dripu zilipokwisha alimwita mdogo wake saluni, nami nikamsindikiza. Alimkalisha mbele ya kioo na kumpa kopo jeupe lenye kifuniko cha kiwandani na picha ya mwanamke mwenye nywele mpaka kiunoni.

"Hizi ni vitamini tu, mdogo wangu. Za nywele na kucha."

"Daktari kakataza dawa, dada."

"Dawa iko wapi hapa? Hiki ni chakula kilichokaushwa. Wateja wangu wote wanameza kimoja kimoja. Wewe meza vitatu, maana wenzio wanaongeza, wewe unaanza na shamba tupu."

Mke wangu alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu alazwe, na kwa kicheko kile ningemruhusu ameze hata sabuni. Isitoshe kopo lilikuwa safi, lina maandishi madogo madogo ya kitaalamu, halinuki mizizi. Liliwekwa mezani kwetu, karibu na chumvi.

Nywele ziliota. Kwanza ukungu, kisha manyoya ya kifaranga, kisha nywele kamili, laini kuliko zile za zamani. Kila asubuhi alizipapasa kwanza kabla hajanisalimia. Tulipokwenda kliniki, daktari alimuuliza kama kuna dawa nyingine anayotumia, naye akajibu hakuna. Alisema kweli kwa kadiri alivyoijua. Nani anaviita vidonge vya nywele dawa?

Daktari akafungua majibu ya damu. Kuna kipimo ambacho kwa mke wangu kilipanda kila ugonjwa ulipokuwepo, na hicho ndicho tulichokuwa tukikisubiri kwa roho mkononi. Kilikuwa kimeshuka, tena sana. Mama asiyecheka ovyo akatabasamu, akasema hata miadi yetu sasa itakuwa ya mbali mbali. Nilitoka pale nikimsalimia kila mtu kwenye korido, mpaka walinzi.

"Nilisema mimi!" Shemeji alipiga vigelegele mpaka wateja wakashtuka kwenye viti. "Vitamini inajenga kinga. Kinga ikisimama, saratani inakosa pa kukaa. Mwangalieni mdogo wangu!" Kuanzia siku hiyo kila aliyekaa chini ya mikono yake aliisikia habari hiyo, na makopo yakawa yanaisha kabla hayajapangwa. Si kwamba alikuwa tapeli. Aliamini kila neno, na mtu anayeamini huuza kuliko tapeli.

Kisha mke wangu akaanza kunenepa tumbo. Watu wakafurahi. Mama mkwe akasema afya imerudi, majirani wakasema fundi unamlisha vizuri, nami kwa ujinga wangu nikatania kwamba kitambi hicho ni mali yangu, kisiguswe. Sketi zikalegezwa. Lakini uso ulikuwa unapungua huku tumbo likiongezeka, na vijiko viwili vya uji vilikuwa vinamtosha. Siku moja aliniletea chai karakana, akakaa kwenye kochi nililokuwa sijalimaliza, na alipotaka kuinuka akashindwa.

"Kuna kitu kinanisukuma kwa ndani," alisema. "Sikutaka kukuambia."

Daktari alimbonyeza tumbo na uso wake ukabadilika. Akampeleka kwenye mashine ya picha siku ileile. Tumboni kulikuwa na maji, na ndani ya maji kulikuwa na vivimbe. Alichukua tena damu, na damu ikajibu kama ilivyojibu mara iliyopita: hakuna kitu. Alizitazama zile karatasi mbili mpaka nikadhani ametusahau.

"Damu inasema huna ugonjwa. Picha inasema unao," alisema. "Hebu nitajie kila kinachoingia mdomoni mwako. Si dawa. Kila kitu."

Mke wangu akataja uji, maji, ndizi, kidonge cha maumivu. "Na hivi vya nywele," akamalizia, akakitoa kimoja kwenye mkoba kama mtu anayetoa peremende.

Daktari aliweka kalamu chini. Hakutugombeza, na afadhali angetugombeza. Alituambia kwamba vidonge vile vina vitamini moja kwa wingi mkubwa sana, na kwamba mashine ya maabara yao hutumia vitamini hiyohiyo kunasia kile inachokitafuta. Damu ikijaa vidonge, mashine inakosa pa kukishika, inaandika kidogo hata kama kipo kingi. Vitamini haikuuleta ugonjwa, alisema, wala haikuuponya. Iliuficha tu. Vidonge visimamishwe, damu ipimwe upya wiki ijayo.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilirudi nyumbani nikilisema hilo kimoyomoyo, na aliyekuwa nguoni nilimjua jina lake la nyumbani, la saluni na la utotoni.

Nilidhani kazi ngumu ni kusubiri. Kumbe kazi ngumu ilikuwa kopo. Nililikosa mezani, nikalikuta chini ya mto wake, na yeye amekaa juu ya mto.

"Niache nimeze," alisema.

"Umesikia daktari alivyosema."

"Nimesikia. Nikimeza, damu inasema sina. Nikiacha, itasema ninayo. Wewe unataka iseme ninayo?"

Nilipiga magoti, mimi ambaye hata wakati wa kuposa sikupiga. Nilimwambia ugonjwa haujui kusoma karatasi, utaendelea kula hata karatasi ikisema nini. Alilia kwa sauti, kilio cha msibani, na mimi nikalia naye, na watoto wa jirani wakaacha kucheza wakasimama dirishani. Mwishowe alinyanyuka mwenyewe kwenye mto. Nilikwenda kuvimwaga palepale nilipomwaga maji ya mjomba.

Majibu mapya yalikuwa ya kutisha. Daktari alisema kuna dawa nyingine, ataanza nayo mara tu maji ya tumboni yakishapunguzwa. "Tutausukuma ugonjwa," alisema. "Kuumaliza, siwezi kukuahidi."

"Na kama ungejua wakati ule?" mke wangu akauliza.

"Ningeanza wakati ule." Akafunga faili. "Kama ingebadilisha mwisho, sijui. Sitakudanganya."

Tulipotoka, mke wangu alitaka tupitie kwa dada yake. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Njia nzima nilikuwa nayanoa maneno. Nilitaka nimwambie mbele ya wateja wake kwamba amemzika mdogo wake kwa mikono yake, tena akipiga vigelegele.

Saluni ilikuwa imejaa. Shemeji alituona kwenye kioo, vidole vyake vikiwa ndani ya nywele za mteja.

"Huyo hapo! Nilikuwa nakutaja sasa hivi!" Akamgeukia mwanamke aliyekaa kwenye benchi. "Mama, huyu ndiye mdogo wangu niliyekuambia. Mwangalie kichwa, kisha uniambie mimi muongo."

Mwanamke yule alikuwa amefunga kitambaa mpaka kwenye paji la uso. Nyusi zake zilikuwa bado kivuli tu. Kwenye mapaja yake alikuwa ameshikilia kopo jeupe, jipya.

"Ni kweli, dada?" alimuuliza mke wangu. "Vilikuponya?"

Nikafungua mdomo. Mke wangu akanibana mkono kwa nguvu ambazo sikujua kama bado anazo.

"Nywele zimeota," alisema. "Labda zingeota hata bila vidonge. Saratani yangu imerudi, mama. Muda wote ilikuwepo. Vidonge hivi vilikidanganya kipimo, daktari hakuiona."

Mashine ya kukaushia nywele ilikuwa inavuma pembeni, hakuna aliyeizima. Shemeji hakumtazama mdogo wake. Alinitazama mimi.

"Shemeji, anasema nini huyu? Anatania?"

Hapo ndipo mahali nilipokuwa nimepangojea. Maneno yote yalikuwa tayari. Lakini midomo yake ilikuwa inacheza, ile midomo isiyokosa neno, na nikaona kwamba ameshaelewa.

"Ndivyo alivyosema daktari," nilijibu. Zaidi ya hapo hayakutoka.

Yule mwanamke alikuwa bado ameshika kopo. Alilitua kwenye benchi polepole.

"Mimi dripu niliacha," alisema. "Zilikuwa zinanitesa, natapika mpaka nyongo. Nilikuona sokoni na nywele zako. Nikauliza, wakaniambia umepona kwa vitamini. Nikasema basi na mimi sirudi tena kule."

"Uliacha lini?" mke wangu akamuuliza.

"Siku nyingi. Tangu mvua zilipoanza."

Mvua zilikuwa zimekwisha. Mke wangu, ambaye ngazi chache za kuingilia pale alizipanda kwa kupumzika katikati, alimnyooshea mkono.

"Daktari bado yupo. Nimetoka kwake sasa hivi. Inuka, nikupeleke."

"Utafika wewe?" nilimuuliza. "Utaweza kurudi mpaka kule?"

"Siwezi," alisema. "Nishike."

Nilimshika upande mmoja. Upande wa pili akaja shemeji, mikono yake bado imejaa mafuta ya mteja.