Anayesimama Penye Nguzo

Machale yalimcheza Mama Bobini siku ya kwanza mumewe alipofunika kompyuta. Hakuifunika kwa kishindo. Aliifunika polepole, kwa kiganja, kama mtu anayefunika sufuria asitake mwenzake ajue kimepikwa nini, kisha akauliza, "Umerudi?" Mtu amesimama mlangoni, viatu mkononi, anaulizwa kama amerudi. Mama Bobini akajibu kwamba hajarudi, bado yuko njiani, akapita zake jikoni.

Alikuwa mshonaji katika karakana ya sare za shule, mwaka wa ishirini na sita huu, mguu wa kulia ukikanyaga cherehani ile ile. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu haikupita siku bila kusikika akiuliza ni nani aliyechukua bobini yake, kile kigurudumu cha uzi wa chini. Alikwishawashuku wote, mmoja mmoja, hadi msimamizi. Mara nyingi bobini ilikutwa mfukoni mwa aproni yake mwenyewe, naye hakuwahi kumwomba mtu radhi.

Mumewe mtaani walimwita Bwana Faili. Miaka thelathini na moja alikuwa karani wa masjala, akipokea barua za watu, akizipiga muhuri na kuzifungulia majalada. Sasa alikuwa amestaafu, huu ukiwa mwezi wa saba. Mwezi wa kwanza alipanga upya kabati. Wa pili akapanga vikombe kwa ukubwa. Wa tatu hakupanga chochote, alinyamaza. Watoto walikuwa wameshakwenda makwao, na ukimya wa Bwana Faili ukaienea nyumba yote, mpaka mtu ukikoroga chai unaona unapiga kelele. Ndipo siku moja akatangaza, bila kuulizwa, kwamba anataka kutengeneza tovuti.

"Ya kuuza nini?" aliuliza Mama Bobini.

"Siuzi kitu. Ya kuandika."

"Utaandika nini wewe?"

"Nimefungua majalada ya watu maisha yangu yote. Nataka na mimi jalada langu."

Jibu lilikuwa zuri mno, na kwa sababu hiyo Mama Bobini hakuliamini. Mumewe hakuwa mtu wa majibu mazuri. Jibu kama lile lazima liwe limeandaliwa, na jibu likiandaliwa lina jambo.

Kazi yenyewe ilifanywa na mpwa wao, binti wa dada yake Mama Bobini, ambaye riziki yake ni kutengenezea saluni na maduka ya simenti tovuti. Alikuja Jumamosi mbili. Walikaa mezani na baba yake mdogo wakibishana juu ya rangi: binti anataka buluu, mzee anashikilia kaki, rangi ya bahasha za serikali. Kaki ikashinda. Lakini kilichomkata maini Mama Bobini ni kilichofuata. Bwana Faili alihamisha kiti chake kutoka mezani hadi dirisha la sebule, lile la ghorofa ya pili linalotazama barabara, na kila alasiri akawa anakaa hapo na kompyuta mapajani. Mtu anayeandika hutazama anachoandika. Huyu anatazama barabarani kuna nini?

Alimbana mpwa wake kwa simu.

"Mama mdogo, si umuulize mwenyewe?"

"Nikimuuliza atanijibu vizuri. Nipe hiyo anwani."

"Alisema nisimpe mtu wa nyumbani."

"Hapo sasa!" Mama Bobini alisema, na moyo ukamlipuka. "Watu wa nje wasome, wa nyumbani tusisome! Mwanangu, nilikubeba mgongoni wewe."

Anwani ikaja.

Aliisoma karakanani, wakati wa mapumziko, simu ameiegemeza kwenye cherehani. Juu palikuwa na sehemu mbili tu. Moja iliitwa "Kuhusu mimi," na ukiifungua unakuta maneno matatu: ukurasa huu unatengenezwa. Ya pili iliitwa "Kutoka dirishani," nayo ilikuwa imejaa.

"Kila siku nitaandika kitu kimoja nilichokiona," mumewe alikuwa ameanza. "Sitamtaja mtu jina. Najijua: nikishataja jina nitaanza kupamba. Masjala ilinifundisha kuandika kilicholetwa tu, na saa kilipoletwa."

Chini yake siku zilifuatana. Kwa juma zima ziliongelea paka, mafundi wa bomba na mwavuli uliopeperuka. Kisha:

"Saa kumi na moja kasoro dakika tano. Amekuja, amesimama penye nguzo ya taa. Mkono juu ya nguzo. Midomo inacheza, lakini sauti haifiki huku juu. Natamani kujua anamwambia nani."

"Leo tena. Anachechemea kidogo mguu wa kulia na sidhani kama anajua. Angejua angejizuia, ni mtu wa kujizuia."

"Nimegundua kwamba kuanzia saa tisa siandiki kitu. Nasubiri. Kumbe kuandika ni kusubiri kwingi na maneno machache."

Na moja ambayo Mama Bobini aliisoma mara tatu: "Leo hakuonekana. Nimekaa dirishani mpaka giza, chai imepoa. Sikujua mtu unaweza kumtamani mtu hata kwa kumwona amesimama tu."

Akatazama tarehe. Ilikuwa ile Alhamisi aliyolala kwa dada yake. Yaani mke hayupo nyumbani, mume anakaa mpaka giza kumsubiri mtu mwingine! Uzi ulimkatikia mkononi na haukuwa hata umetungwa kwenye sindano.

Chini walikuwepo wasomaji. Mama Bobini hakujua kwamba watu wazima wana muda namna hiyo. Mmoja aliuliza: "Mzee, huyu anayesimama ni mwanamume au mwanamke?" Bwana Faili akamjibu: "Lugha yetu imenipa ruhusa nisiseme, nami nimeitumia."

"Ameitumia!" Mama Bobini alifoka, na wenzake watatu wakageuka. "Hakuna aliyechukua bobini yangu, endeleeni na mapumziko."

Tangu hapo hakulala vizuri wala kula vizuri. Alimtazama mumewe mezani akimega mkate, akaona mkono wa mtu asiyemjua. Aliogopa kitu kimoja tu, na alikiogopa hasa: kwamba akiuliza ataambiwa kweli, na miaka ishirini na minane iishie hapo, kati ya chumvi na kijiko. Akaamua kuupata ushahidi kwanza. Hesabu zake zilikuwa nyepesi. Ile nguzo ya taa iko ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la dawa. Saa kumi na moja kasoro ndiyo saa ambayo yeye mwenyewe bado hajaingia nyumbani. Maana yake wanamalizana upesi kabla hajafika. Na anayechechemea mtaani ni mmoja: mwanamke mwenye duka la dawa, aliyeteguka kifundo cha mguu kwenye mtaro mwaka uliopita. Mjane, mcheshi, na meno yote yapo. Kila kitu kilikaa mahali pake kama kola kwenye shati.

Jumatano aliomba ruhusa ya kutoka mapema akisema kichwa kinamuuma. Msimamizi akakubali mara moja, kwa kuwa hakuwahi kumsikia akidanganya, na hilo nalo likamuuma. Saa kumi na nusu alikuwa ameshasukuma mlango wa duka la dawa, akiwa amepanga amtazame mwanamke huyo usoni, amtaje mumewe ghafla, aone kama atabadilika rangi.

Muuza dawa alikuwa akipanga chupa. Aligeuka, akatabasamu kwa uso mzima.

"Hatimaye! Karibu dada. Nimekungoja kweli."

Mama Bobini alisahau sentensi yake yote. "Umeningoja mimi?"

"Si huo mguu. Kila siku nakuona hapo nje nasema, huyu dada mbona haingii? Mimi mwenzio najua maumivu ya mguu." Akazunguka meza, akichechemea, akamsogezea kiti. "Ni goti au ni kifundo?"

"Mguu wangu hauna shida."

"Dada, unachechemea. Wa kulia. Afadhali mimi nilianguka. Wewe ulianza lini?"

"Sichechemei mimi."

Muuza dawa hakubishana. Aliinama, akamvua kiatu cha kulia bila kumwomba, akakipindua juu ya meza, kisha akavua na cha kushoto, akakiweka kando yake. Kisigino cha kushoto kilikuwa kizima. Cha kulia kilikuwa kimelika upande mmoja mpaka msumari ulionekana.

"Halafu ile kusimama hapo penye nguzo kila jioni," aliendelea muuza dawa, "nikajua tu unaupumzisha. Hata midomo inakucheza, nikasema masikini, anasali maumivu yapungue."

Mama Bobini aliketi na soksi, akivitazama viatu vyake juu ya meza ya watu. Hakusikia ni mafuta gani alishauriwa apake. Alivaa, akashukuru, akatoka. Hatua nne hivi, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshaifikia nguzo kabla hajauagiza.

Basi ni hapa. Ni kweli alijua kwamba husimama kidogo kabla ya kuvuka. Hakujua kwamba ni kila siku, hakujua kwamba anaonekana, na lile alilokuwa akilisema hapo hakuwahi kulisikiliza. Sasa alilisikiliza. "Umeshindaje? Umekula? Leo kulikuwa na joto." Ndiyo maneno aliyokuwa akiyajaribu, jioni baada ya jioni, achague lipi aingie nalo ndani ya nyumba ile kimya lisilete ugomvi. Mke wa miaka ishirini na minane alikuwa akifanya mazoezi ya kumsalimu mumewe. Aliona haya, na nyuma ya haya yakaja machozi, akayafuta kwa mfuko wake wa vitambaa vya kazini.

Aliinua macho. Juu, ghorofa ya pili, pazia lilikuwa limesogezwa kiasi cha uso mmoja.

Alipanda ngazi, na safari hii aliusikia mguu wake mwenyewe, mzito, mwepesi, mzito, mwepesi. Alipofungua mlango Bwana Faili alikuwa ameshafunika kompyuta.

"Umerudi?"

"Fungua hiyo," alisema Mama Bobini. "Nimeisoma. Yote."

Bwana Faili hakufungua. Alivua miwani, akaishika mapajani kwa mikono miwili.

"Nilidhani ni mwanamke," alisema Mama Bobini.

"Ni mwanamke."

"Usinichekeshe, sijafika huko. Miezi unaniona nimesimama pale kama mtu aliyefukuzwa. Watu wa nje unawaambia. Mimi kwa nini hukuniuliza?"

Mzee aliifuta miwani kwa pindo la shati. "Kuna majalada masjala hatukuyafungua," alisema. "Si kwamba tulikatazwa. Tulijua tukiyafungua itabidi tuyafanyie kazi." Akaivaa miwani, akaivua tena. "Nilifikiri pale unajishauri. Uingie, au uende zako."

Hapo Mama Bobini angeweza kusema hapana. Neno lilikuwa tayari ulimini, jepesi, nalo lingewafaa wote wawili kwa usiku ule. Lakini alikuwa amemdanganya msimamizi mchana huo huo, na ladha yake haikumtoka.

"Kuna siku nilikuwa najishauri," alisema.

Bwana Faili aliitikia kwa kichwa polepole, kama karani aliyepokea barua ambayo siku nyingi alijua italetwa. Hakuuliza ni siku zipi. Walikula bila maneno, ila ukimya ulikuwa wa aina nyingine, wa watu wawili wanaojua kilichomo. Kabla ya kulala mzee, aliyemwona akitoka duka la dawa, alimwambia mkewe apake mafuta mguuni. Alikuwa hajui kwamba mafuta yenyewe hayakununuliwa.

Kesho yake, kazini, wakati wa mapumziko, Mama Bobini alifungua tovuti ile ya kaki. Hapakuwa na kitu kipya. Akaifungua tena saa nane, halafu saa tisa. Hapakuwa na kitu. Alianza kushuku. Pengine ameudhika, pengine amefunga jalada, pengine ile kweli aliyomwambia jana ilifaa isubiri. Alishona mifuko miwili juu chini ikabidi aifumue.

Saa kumi na moja kasoro aliteremka kwenye basi, akaikata kona ya duka la dawa, akasimama ghafla. Penye nguzo kulikuwa na mtu. Mzee, shati amelipiga pasi, mkono mmoja juu ya nguzo. Alitazama upande usio wake, upande ambao mabasi hayaji, na midomo ilikuwa ikimcheza. Kupitia kioo cha duka muuza dawa alikuwa akimtazama, chupa mkononi, bila shaka akijiuliza huyu naye ni goti au ni kifundo.

Mama Bobini alimwacha kidogo aendelee. Kwa mara ya kwanza aliona mtu anavyoonekana akiwa anatafuta maneno ya kuanza nayo kwa mwenzake, na moyo wake ukalainika, akasogea hadi nyuma yake.

"Unamwambia nani?"

Bwana Faili aligeuka kwa kushtuka, akashusha mkono kutoka kwenye nguzo.

"Wewe," alisema. "Ila sijaipata sentensi ya kwanza. Tangu saa tisa niko hapa."

"Basi anza na ya pili," alisema Mama Bobini, akamkabidhi mfuko wa vitambaa, wakavuka barabara.