Betri Nne na Glavu Nyeupe

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Spès alikuta chaja yake imelala chini kwenye korido, waya umezungushwa vizuri kama mzigo wa mtu anayehama. Betri zake nne zilikuwa bado ndani. Taa zilikuwa zimezimika. Juu ya tundu la umeme mtu alikuwa amebandika karatasi: Hakuna kuchaji usiku.

Ilikuwa ghorofa ya tisa, South Beach, mjini Durban, nyumba ya vyumba viwili iliyogawanywa kwa mapazia mpaka ikatosha familia sita. Tundu la korido ndilo pekee lililokuwa likifanya kazi. Lile la jikoni lilikuwa la Gadiel, msimamizi wa nyumba, na friji yake.

Gadiel alitoka bafuni na mswaki mdomoni.

"Ni wewe umechomoa?"

"Nimeambiwa nichomoe, mama. Mwenye nyumba anasema chaja zinakula umeme."

"Na friji yako ya bia inakula nini, uji?"

"Friji ipo kwenye mkataba." Akatoa mswaki. Alikuwa mtu wa Tanga, na adabu za kwao hazikumtoka hata alipokuwa akikuumiza. "Tena hatujasalimiana. Shikamoo, mama Spès."

"Shikamoo yako iweke kwa friji, ipoe. Nitaichukua jioni."

Alirudi nyuma ya pazia lake, akazitia betri kwenye flashi ya kamera yake, akawasha. Flashi ikaanza kulia kwa sauti nyembamba, kama mbu aliyeingia sikioni. Spès akahesabu. Ishirini na sita ndipo taa nyekundu ikawaka, kusema iko tayari. Akabonyeza, mwanga ukapiga dari. Akahesabu tena mpaka themanini, na taa haikurudi.

Mazishi aliyoitwa kupiga picha yalikuwa saa tano.

Marehemu aliitwa Baudouin, miaka ishirini na saba, kijana wa Uvira. Miaka minne alisukuma ndoo za plastiki kwenye kiwanda kimoja cha Mobeni, na Jumatano iliyopita kiwanda kilimpigia simu kaka yake, Séverin: mdogo wako amefariki, moyo ulisimama. Kumrudisha maiti mpaka Uvira ni gharama ya kujenga nyumba. Kwa hiyo kinachorudi ni picha. Picha inafika kwanza, mama anaitazama, analia, majirani wanakuja, matanga yanaanza. Bila picha hakuna matanga, kuna habari tu, na habari mtu anaweza kuikataa.

Spès alilijua hilo kuliko wote, kwa maana iko mama mmoja huko Fizi aliyekataa, na kosa lilikuwa la Spès. Siku ile alikuwa na betri tatu nzima na moja aliyoichomoa kwenye saa ya ukutani. Flashi inataka nne, na hizo nne zinaishi kama ndugu wa sahani moja: mmoja akiwa mgonjwa, wote wanalala njaa. Ikawaka mara moja, ikafa. Akamalizia kwa simu. Lakini simu juu ya jeneza inamulika pua tu, macho yanakuwa mashimo, ngozi inakuwa majivu. Mama wa Fizi aliitazama ile picha akasema, huyu ni udongo, si mwanangu. Mpaka leo kila jioni anamwekea mwanawe ugali pembeni, anaufunika.

Mama wa Baudouin naye alikuwa ameagiza jambo moja, kupitia kwa Séverin. "Uso wa maiti unabadilika, na baridi zenu za huko zinaharibu watu. Nionyeshe uso, na kidole gumba cha kuume, kile alichokata na panga akiwa na miaka saba. Nikiona kidole, nitajua."

*

Duka la Mumtaz linafunguliwa saa mbili. Si lake, ni la watu, lakini yeye ndiye anayesimama nyuma ya kioo tangu akiwa msichana. Babu zake waliletwa Durban kutoka pwani ya Afrika Mashariki zamani sana. Kiswahili chake kilikuwa cha bibi yake, na kingine alikiokota kwa wateja.

"Betri," alisema Spès. "Na chaja. Haraka."

Mumtaz akaweka pakiti mbili juu ya kioo. Moja ilikuwa ya rangi ya dhahabu, imeandikwa nguvu 4800 kwa tarakimu kubwa kama namba ya gari, na bei yake ndogo. Nyingine nyeupe, imeandikwa 2000, na bei yake mara tatu.

"Watu wote wanachukua hii ya dhahabu, mama."

"Kitendawili."

"Tega."

"Mgongoni nimeandika nimekula magunia mia, ukinibeba mwepesi kama ganda."

Mumtaz alicheka, akasukuma ile ya dhahabu pembeni kwa kidole kimoja. "Basi umeshaijibu mwenyewe."

Spès akazipima kwa viganja, huku moja na huku moja. Ya dhahabu ilikuwa nyepesi, kama imejazwa unga. Betri ya umbo lile haiwezi kubeba 4800 hata ukiisalia. Anayeandika 2000 angalau ameogopa Mungu.

"Na unawauzia watu uongo huu."

"Nauza ninacholetewa. Nikisema sitaki, kesho anasimama hapa mwingine." Mumtaz hakukasirika. Alichukua mita, akapima betri nyeupe moja baada ya nyingine, akamwonyesha Spès mshale wa mita. "Hizi zinakuja zimeshachajiwa. Ukitoka hapa unapiga. Kila picha, sekunde tatu tu, flashi iko tayari. Na chaja iko hii. Angalia taa."

Chaja ya Spès ilikuwa na taa moja kwa betri mbili. Moja ikishiba, inasema zote mbili zimeshiba, hata mwenzake akiwa na njaa. Hii ilikuwa na taa nne, kila betri na taa yake, na waya wa kuchomeka hata kwenye gari. Kwa chaja kama hii asingehitaji korido ya Gadiel wala ruhusa ya mtu.

"Zote. How much?"

"Seven-sixty. For you, seven hundred."

Spès akatoa kadi. Mashine ikafikiri, ikakataa. Mumtaz akaifuta kadi kwa kanga, akajaribu tena. Ikakataa.

Spès hakuhitaji kuelezwa. Karatasi yake ya ukimbizi ilikwisha muda mwezi wa tano. Aliomba nyingine kwa barua pepe, kama walivyoagiza, na kila mara alijibiwa na mashine: tumepokea ombi lako, subiri. Ofisi haikumjibu, lakini benki iliona tarehe imepita, ikafunga akaunti. Miaka kumi na sita anapiga picha za ndoa za mji huu.

"Hela ni yangu," alisema, "iko ndani, na mie niko nje."

"Eish, mama."

"Usiseme eish. Sema ni wizi."

"Ni wizi," alisema Mumtaz.

Mfukoni zilikuwamo noti za kutosha betri nyeupe na taxi ya kwenda kwenye mazishi Pinetown na kurudi. Spès aliitazama chaja mara moja, akaisukuma nyuma. Akaziandika betri mpya herufi B kwa kalamu, zote nne, zisije zikaachana.

"Hizo za zamani niachie," Mumtaz alisema. "Nitazichaji hapa dukani. Jioni pita."

*

Nyumba ya mazishi ilikuwa nyuma ya gereji ya matairi. Barabara nzima haikuwa na umeme tangu Jumanne, watu walikuwa wameiba kebo, na jenereta ilipewa kazi moja tu, chumba cha baridi. Kwenye chumba cha ibada palikuwa na dirisha moja juu, dogo kama daftari.

Mlangoni alisimama Steve, amefunga tai shingoni. Steve alikuwa mtoto wa Bukavu, amewekwa pale kwa ajili ya wafiwa wageni, kwa kuwa anajua lugha zao.

"Mama Spès, karibu, pole sana. Kamera inabaki kwangu."

"Kwa nini?"

"Karatasi inasema. Kampuni ya kiwanda imelipa jeneza, na italipa kaburi. Hakuna picha. Séverin alitia sahihi."

Séverin alikuwa amesimama nyuma yake na suti ya kuazima. "Uliniambia ni risiti ya jeneza."

"Ni risiti. Masharti iko chini yake."

"Kurasa tano za Kiingereza, Steve. Ulisema tia hapa, tia hapa."

"Nilikusaidia. Bila hiyo, serikali ingemzika na namba tu. Usinigeuze mubaya leo." Steve akatazama saa. "Dakika kumi na tano za kuaga. Saa sita iko mazishi ingine."

Spès hakutoa kamera, wala Steve hakuinyang'anya. Wamama wa kanisa walikuwa wanaingia, na mtu hamshiki mwanamke mzima mkoba mbele ya wamama wanane.

Jeneza lilifunuliwa. Wimbo ukaanza, wa chini, wa kuvuta. Katika giza lile uso wa Baudouin ulikuwa kivuli juu ya kivuli. Shuka nyeupe ilifika kifuani, na mikono ilikuwa juu yake, imevalishwa glavu nyeupe, kama wanavyovalishwa marehemu wa kwetu waheshimike. Hakuna aliyeshangaa glavu.

Spès alikuwa na njia mbili. Angeweza kupiga bila flashi, kimya kimya, kamera kifuani, Steve asijue. Ingetoka picha ya udongo. Au angeweza kuwasha. Lakini flashi haina siri. Ikiwaka, imewaka mbele ya watu wote.

Akaigeuza kichwa ikatazama dari, ili mwanga ushuke pole, kama wa asubuhi. Akabonyeza.

Chumba kizima kikaonekana, na Baudouin katikati yake, kijana, ndevu zimenyolewa.

"Mama," alisema Steve kutoka mlangoni.

Moja, mbili, tatu. Taa nyekundu. Akabonyeza tena.

"Mama Spès, nimesema."

"Kidole, Séverin."

Séverin alishika mkono wa kuume wa mdogo wake, akavuta glavu. Haikutaka kutoka. Ilikuwa imeganda kwa ndani. Akaivuta kidole kwa kidole, taratibu, kama mtu anayemvua mtoto soksi akiwa usingizini. Kovu la panga lilikuwepo, limezunguka kidole gumba kama pete. Akaugeuza mkono kidogo, kidole kitazame kamera.

Spès akabonyeza mara ya tatu, na wimbo ukakatika.

Katikati ya kiganja palikuwa na shimo jeusi, kingo zake nyeupe na ngumu, kama tundu la sigara kwenye nailoni. Vidole viwili vilikuwa vimeungua mpaka kucha zimekuwa kahawia. Mwanga uliondoka, lakini kila mtu alikuwa ameona.

"Huo ni umeme," alisema mama Deborah, kiongozi wa wamama, bila kupandisha sauti. "Mume wangu aliungua hivyo hivyo kwa nguzo."

Séverin alibaki na glavu mkononi. "Steve. Mulisema moyo ulisimama."

"Kila aliyekufa moyo wake umesimama, kaka. Mimi siandiki karatasi. Mimi nazika." Steve alikuwa ameshika bisibisi ya kufungia kifuniko. "Mama, futa hizo picha. Nakuomba kama mama yangu. Mie pia niko na watoto."

"Sifuti."

"Kampuni itakataa kulipa kaburi."

"Ikatae."

Mama Deborah alisogea hatua moja, na wamama wengine wakasogea naye, mpaka Steve akawa upande mmoja na kamera upande mwingine. Spès alikiwasha kioo cha kamera. Séverin akapiga kwa simu yake picha zilizokuwa kwenye kioo, uso, halafu kidole, akazituma Uvira. Simu ikalia kabla hajaishusha. Akaiweka sauti ya nje.

"Ni yeye," alisema mama yao. "Uso ni wake. Kidole ni chake."

Nyuma yake huko Uvira vilio vilianza, vya wanawake wengi, na wamama wa Pinetown wakafunika midomo. Lakini mama akawakatiza watu wake. "Nyamazeni kwanza. Séverin, mkono umefanyaje?"

Séverin akawapita wamama, akaenda mpaka kwa Steve, akaisogeza simu karibu na tai yake.

"Mama, mie sijui. Iko mutu hapa anajua. Ni mtoto wa Bukavu, anakusikia."

"Halo, mwanangu," alisema mama, kwa sauti ya upole, ya mtu anayeongea na mtoto wa mwenzake. "Ni nani alimwosha?"

Steve aliitia bisibisi mfukoni.

"Mwanangu, nakuuliza. Ni nani alimwosha?"

"Ni mie, mama."

"Bon, sawa," alisema mama. "Kumbe uliona mkono."

Nje, watu wa mazishi ya saa sita walianza kugonga mlango. Steve alishika kitasa, lakini hakukigeuza. Séverin hakuishusha simu.