Mkono wa Shemeji

Mifukoni alibandikwa jina hilo na shemeji yake, mume wa dada yake, mchoraji kama yeye. Ilikuwa kwenye maonyesho, ukumbi umefurika. Shemeji alizipitia picha zote, akauliza kwa sauti ya kusikiwa na kila mtu: "Shemeji, hawa watu wako wanasikia baridi? Mbona wote mikono mifukoni?"

Watu wakaangua kicheko. Na kweli bwana, sura alizipatia mno, ila vidole vilimshinda. Kila akijaribu, vinatoka kama ndizi. Tangu siku hiyo hata wateja walimwita Mifukoni, naye akamchukia shemeji yake kupindukia.

Basi kiharusi kikamwangusha shemeji. Mkono wa kulia, ule wa kuchorea, ukajikunja kifuani ukakauka. Mifukoni akawa wa kwanza kumjulia hali! Kila jioni yuko kando ya kitanda, dada yake anamshukuru kwa machozi. Kumbe mwenzetu anasubiri mgonjwa asinzie, atoe penseli, auchore ule mkono. Alifuta, akarudia, akafuta tena, mpaka kila kifundo kikakaa mahali pake.

Picha ilipokamilika, alikuwa shemeji kutoka kichwani hadi miguuni, ndani ya koti lake, mkono mbovu mbele kabisa. Dada alipoiona alishika kichwa.

"Kaka, usiitundike hiyo. Nakuomba. Utamuua mume wangu."

"Alinicheka mbele za watu, dada. Sasa ni zamu yake."

Siku ya maonyesho shemeji aliletwa kwa kiti cha magurudumu. Watu walikuwa wamejazana mbele ya picha, wanausifu mkono. Mifukoni alisimama kando, raha tele moyoni. Leo lile jina linazikwa. Shemeji akaitazama picha kwa muda mrefu. Chozi likamtoka jicho moja. Kisha, kwa ulimi mzito, akasema neno mojamoja:

"Umeupatia, shemeji. Kabisa." Akavuta pumzi. "Na wa kushoto... uko wapi?"

Mifukoni akageuka kutazama. Wa kushoto ulikuwa mfukoni. Aliuchora hivyo kwa mazoea tu, maskini, wala hakuwa ameona.

Mtu mmoja nyuma alijaribu kubana kicheko, kikamponyoka, ukumbi mzima ukafuata. Na aliyecheka kuliko wote, huku amekishika kiti cha mumewe, alikuwa dada yake.