Anayemlisha Sukari Mume Wangu

Ndani ya nyumba yetu kulikuwa na mtu anayempa mume wangu vitamu kwa siri, na mimi nilikuwa nimeshamjua kabla sijamkamata. Kisukari kilikuwa kimeshamkatisha kidole kimoja cha mguu. Daktari alisema wazi kwamba sukari isiposhuka, mguu wenyewe utafuata. Sukari nikaitoa jikoni, asali nikaigawa, chai tukanywa chungu, na bado kila kipimo kinapanda. Basi kuna mkono wa mtu.

Mkono huo kwangu ulikuwa wa wifi, aliyekuja kunisaidia kumuuguza kaka yake. Kila akimsafisha kidonda wananong'ona, nikiingia wananyamaza. Mimi ni fundi cherehani, uzi uliolegea nauona nikiwa mlangoni. Nikapekua mkoba wake, chini ya godoro, hata ndani ya viatu. Sikupata hata karatasi ya peremende. Nikasema huyu ni mjanja, anaficha mpaka taka.

Faraja yangu ilikuwa mtini wangu tu, niliouotesha kwenye pipa uani kutoka kijiti cha urefu wa penseli. Kila tini niliivika kimfuko cha vitambaa vya mabaki, ndege wasiiguse. Tini haitaki pupa. Ukiichuma mbichi haiivi tena, inakuachia utomvu wa kuwasha vidole. Unangoja shingo ilegee, ganda lipasuke kidogo, chini litokee tone. Hizo ndizo nilizomchumia mume wangu, sita asubuhi, sita jioni, nikimmenyea kwa mkono wangu. Mtu amenyimwa kila kitu, jamani, hata tunda la nyumbani kwake? Alikuwa akila amefumba macho.

Kipimo kilipopanda tena nilimwita wifi sebuleni. Nikamwambia kikulacho ki nguoni mwako, na kwamba anammaliza kaka yake kwa mapenzi ya kijinga. Hakubisha. Alimtazama kaka yake, kaka yake akatazama sakafu.

"Mimi naenda, wifi," akasema. "Kidonda kisafishwe kila siku, usisahau."

Akabeba begi lake. Kwangu mimi huko kulikuwa kukiri.

Wiki iliyofuata sukari ilikuwa juu kuliko siku zote. Muuguzi wa kliniki akataka tumtajie anachokula mgonjwa, kimoja kimoja. Nilimtajia kwa majivuno: mboga za majani, maharage, sukari hakuna, soda hakuna. Akauliza matunda. Nikasema tini tu, za kwetu wenyewe, zilizoiva vizuri, kumi na mbili kwa siku.

Akaweka kalamu chini. Alitueleza taratibu kwamba tini kama hizo zimejaa sukari, na kwa mgonjwa huyu kumi na mbili ni balaa.

"Nani anampa?" akauliza.

"Najichumia mwenyewe," mume wangu akawahi kusema.

Mtu asiyefika uani bila kushikwa mkono! Hapo nikaelewa walichokuwa wakinong'ona na dada yake, dada akimsihi aache tini zangu, yeye akikataa nisivunjike moyo, na kwa nini yule alikubali kufukuzwa kuliko kunitaja. Aibu ilinichoma mpaka masikio.

"Anadanganya," nikasema. "Nampa mimi."

Tulipotoka nje nilimwomba mume wangu simu yake nimpigie wifi, maana kwenye yangu namba yake nilikuwa nimeshaifuta.