Kiti cha Tengo

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huku Kamsamba mgeni alikuja, na mwenyeji akahamishwa kiti.

Mwenyeji ni Tukuswiga, mke wa Ambakisye. Mgeni ni Fauzia, muuza vitenge wa Tunduma, aliyekulia kwenye foleni za malori na hata kuogelea hajui. Katika timu ya ngalawa ya wilaya, ya watu wanne, Ambakisye ndiye nahodha, hukaa nyuma na kuongoza. Mashindano ya michezo ya mkoa yalipokaribia, alimpa Fauzia kiti cha mbele, kile ambacho wapiga kasia wote hufuata mpigo wake, na ambacho Tukuswiga alikikalia miaka yote. Akamhamishia mkewe katikati, karibu na tengo, lile gogo linaloelea ubavuni na kuizuia ngalawa isipinduke. Kazi yake ikawa kupiga kasia, na tengo likianza kuinuka alilalie.

"Mfuateni Fauzia," Ambakisye alihubiri kila mazoezi. "Fauzia ana mpigo."

Mpigo, eti. Jioni Tukuswiga alikwangua sufuria ya ugali kana kwamba ndiyo iliyosema. Alimwonea wivu yule mwanamke, wivu wa kukosesha usingizi. Aliyaonea wivu mabega yake, kicheko chake, mpaka namna alivyofunga kilemba. Na Fauzia alimwita "dada" kwa adabu zote, ndicho kilichomchoma zaidi. Angekuwa na kiburi, angalau mtu angepata pa kumshikia.

"Baba Gwantwa, mimi sasa nimekuwa gogo la kulalia gogo?" alimuuliza mumewe.

"Pale nimekuweka kwa sababu," alijibu Ambakisye, akamega tonge jingine. Kueleza jambo likaisha, hakujaliwa.

Siku ya mwisho ya mazoezi upepo wa Ziwa Rukwa ulikuwa umechachamaa. Timu za wilaya nyingine zilikaa ufukweni zikiwatazama. Fauzia alisema neno, Ambakisye akacheka, na papo hapo wimbi likaliinua tengo. Tukuswiga aliliona. Mwili wake ulijua la kufanya, naye akauzuia. Acha kidogo, alijiambia, kilemba kilowe, watu wamwone.

Tengo halimngoji mtu. Ngalawa ilipinduka, wote wanne wakamwagika majini. Ambakisye aliibuka, akampita mkewe karibu kabisa, akaogelea moja kwa moja hadi kwa Fauzia, aliyekuwa akitapatapa ndani ya jaketi lake la kuelea. Tukuswiga alirudi ufukweni peke yake.

"Umempita mkeo," alimwambia mumewe.

"Mke wangu anaogelea." Ambakisye alikamua shati lake taratibu. "Mama Gwantwa, mimi nikihisi tengo linapanda, sigeuki. Nasubiri uzito wa mtu wa pale. Wenye mpigo ni wengi. Kiti cha tengo unampa mtu unayeweza kumwachia roho yako. Leo nimesubiri."

Tukuswiga aligeuka, akalitazama tengo.

"Kesho utakaa mbele," alisema mumewe.

Kesho yake, siku ya mashindano, akakaa mbele. Alipiga kasia kama mtu anayefukuzwa, na wenzake wakamfuata. Walipokaribia mahali pa kugeuzia walikuwa wakiongoza, na hapo wimbi likaja. Alihisi ngalawa ikiinama. Mwili wake wenyewe ulianza kwenda upande wa tengo, lakini uzito ulikuwa umeshafika. Alitupa jicho nyuma. Fauzia, asiyejua kuogelea, alikuwa amelilalia tengo kwa kifua, uso ukipigwa na maji.

Walishinda. Watu wa Kamsamba waliingia majini mpaka magotini, wakiliimba jina la Tukuswiga. Katikati ya kelele hizo alimsikia mumewe nyuma yake akisema, polepole, "Asante, Fauzia. Sikuwa na wasiwasi."

Medali ya kwanza alivishwa yeye, kwa sababu ndiye aliyekaa mbele.