Mpangaji Asiyejua Bei ya Sigara

Karatasi ile ilibandikwa dukani kwa Mama Tokpae, juu ya pipa la chumvi, na sote tuliijua kwa moyo kama watoto wajuavyo nyimbo za shule. Ilisema jasusi wa Kaskazini utamtambua kwa dalili zake. Ni mtu anayeshuka mlimani alfajiri viatu vikiwa na matope. Ni mtu mwenye mambo ya redio. Ni mtu asiyejua bei ya sigara. Chini yake palikuwa na namba ya simu, moja-moja-tatu, na ahadi ya zawadi kubwa.

Ilikuwa mwaka wa themanini na nne, kusini kidogo ya mji wa Suwon. Kiwanda kilikuwa kimejengwa upande wa pili wa kilima, kwa miezi sita tu, katikati ya barafu, zege likikaushwa kwa feni kubwa. Kinatengeneza nini, hatukuambiwa. Binti yangu Kumsil alikuwa kibarua humo na analala bweni la kiwandani, anakuja nyumbani Jumapili moja moja. Nikimuuliza, anaweka kidole mdomoni. "Mama, tumetia sahihi. Nikisema nafukuzwa."

Mimi nilikuwa mjane, nina vyumba vitatu vya kupangisha pamoja na chakula. Mwezi wa tano akaja Bwana Pyo Inhwan, mtu wa miaka arobaini hivi, mwembamba, mzigo wake begi moja la ngozi. Nikamuuliza kazi yake.

"Fundi wa redio, mama," akasema, akaangalia dari.

Haya. Fundi wa redio. Siku ya pili Mama Tokpae akamletea redio yake ya dukani inayokoroma. Bwana Pyo akaigeuza, akaichungulia nyuma, akamrudishia kwa mikono miwili kwa heshima. "Samahani, mama. Mimi si fundi wa redio za namna hii."

"Kumbe ni za namna gani?" Mama Tokpae akauliza.

Bwana Pyo akarudi chumbani kwake. Mama Tokpae akanifuata jikoni huku anacheka, lakini macho hayakucheka. Ndiye aliyekuwa mkuu wa nyumba kumi zetu, anayeandika majina kwenye mkutano wa kila mwezi, na simu ilikuwa dukani kwake.

"Mama Kumsil, huyu mtu wako umemwokota wapi?"

"Amekuja mwenyewe kwa miguu yake."

"Hata fisi huja kwa miguu yake."

Wiki moja baadaye Bwana Pyo aliingia dukani kununua sigara. Nilikuwepo, nachagua vitunguu saumu. Akaomba Msonobari pakiti moja, akaweka sarafu ya won mia juu ya meza. Kisha akanyoosha kiganja. Anangoja chenji!

Mama Tokpae aliitazama ile sarafu, akanitazama mimi, akaitazama karatasi juu ya pipa la chumvi. Msonobari ilikuwa mia nne na hamsini. Hata kuku wa mtaa ule walijua.

"Zimepanda," Mama Tokpae akasema taratibu.

"Ah," Bwana Pyo akasema. Masikio yalimwiva mekundu. Akatoa noti, akachukua pakiti, akaondoka bila kuhesabu kilichorudi.

Usiku wa siku hiyo sikupata usingizi mzuri, na sababu yangu si ya Mama Tokpae. Nina kaka yangu, Chilbong. Mwaka wa hamsini, mwaka wa vita, jeshi la Kaskazini lilipokuwa linarudi nyuma, aliondoka nalo. Kama alikokotwa au alifuata kwa hiari yake, mpaka leo sijui. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na shule yangu iliishia hapo. Toka siku ile jina lake lilitutangulia kila ofisi tuliyoingia. Marehemu mume wangu alinyimwa kazi ya reli kwa ajili ya shemeji ambaye hakuwahi kumwona hata kwa picha. Kumsil alichunguzwa mara tatu kabla ya kupewa lile vazi jeupe la kiwandani linaloacha macho tu. Walisema mambo ya damu, mtu kubebeshwa kosa la ndugu yake, yamefutwa, sheria imebadilika. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nilijua kwamba jasusi akikamatwa nyumbani kwangu, hakuna atakayesema alikosea mlango. Kumsil angetoka kwenye kile kiwanda siku hiyohiyo, na asingepata kazi tena popote, hata ya kuosha vyombo.

Basi nikaanza kumchunguza mpangaji wangu. Nilimpa wali na supu ya mwani, nikakaa pembeni namenya viazi, namtazama. Alikula kimchi, kabichi yetu ya pilipili, huku anapepea mdomo kama mgeni. Nikasema, "Bwana Pyo, pilipili za kwenu hazikuwa kali?"

"Nimekaa mbali miaka mingi, mama."

"Mbali wapi?"

"Mbali," akasema, akainama kwenye bakuli.

Mtu mzima hawezi kutaja mahali alipokaa? Mimi nikachukua sahani.

Jumatano nilifagia chumba chake. Begi halikuwa na kufuli. Najua mtakavyonifikiria, lakini nilikuwa nimeshalifungua kabla sijaamua kulifungua. Ndani kulikuwa na vitabu vya maandishi ya kizungu, kalamu, soksi, na karatasi iliyokunjwa mara nne. Nikaikunjua. Ni milima yetu, imechorwa kwa mkono: kilima cha kiwanda, kijito, kaburi la zamani lenye misonobari, njia ya kuvuka mpaka bonde la pili. Sehemu tano zimetiwa duara. Na juu kabisa, kwa wino mwekundu, imeandikwa sitini na nne.

Nilirudisha kila kitu kilivyokuwa.

Usiku ule hakurudi kulala. Alfajiri ya Alhamisi nilikuwa uani nachota mchuzi wa soya kwenye mtungi, nikamwona anashuka mlimani kati ya misonobari, peke yake, anachechemea. Viatu vilikuwa matope mpaka juu ya vifundo. Aliponiona alisita, kisha akainamisha kichwa.

"Umeamka mapema, mama."

"Na wewe umelala wapi?"

"Matembezi tu," akasema. Akavua viatu, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Nilivitazama vile viatu muda mrefu. Mama Tokpae alikuwa ameshasimama kwenye ukuta wa ua, beseni mkononi. Sijui alikuwepo toka lini.

"Umeona mwenyewe," akaninong'oneza.

"Nimeona viatu."

"Umeona viatu, na sigara, na redio. Unangoja akuletee bendera yao uifue? Sikia, Mama Kumsil. Usipopiga wewe, napiga mimi. Na wakiniuliza nani alikuwa anampikia, na huyo mpishi ana kaka wapi, niseme nini? Mimi mdomo wangu ni mmoja."

Nikaenda dukani, bado nimevaa aproni. Nikapiga moja-moja-tatu. Nikataja jina langu mwenyewe, maana nilitaka iandikwe mahali fulani kwamba ni mimi niliyesema.

Walimchukua Ijumaa asubuhi, watu wanne wa makoti mafupi. Alikuwa bado na kijiko mkononi. Hakupiga kelele. Alinigeukia tu akasema, "Mama, tafadhali waambie kazini." Nikasema nitawaambia. Sikuwaambia. Kazini wapi? Kwenye redio?

Jumapili Kumsil akaja na mfuko wa machungwa, anacheka tangu getini.

"Mama, ungeona wahandisi wetu wiki hii! Wanatembea kama bata. Wengine wamevaa ndala ndani ya vazi jeupe mpaka mkuu akawatoa nje."

"Wamefanya nini?"

Akatazama mlango, akashusha sauti. "Usimwambie mtu. Wametembea milimani usiku kucha, Jumatano. Kilomita sitini na nne. Mkurugenzi ndiye aliyetaka. Kile tunachotengeneza, mama, ni kijiwe kidogo kuliko ukucha wako, kazi yake ni kuweka kumbukumbu za mashine. Kinashika mambo elfu sitini na nne. Wajapani wanacho, Wamarekani wanacho, sisi hatuna, na wanatucheka kwamba tutangoja miaka ishirini. Basi wakasema, kila elfu moja, kilomita moja. Sehemu tano za kupumzika, na kila sehemu wanafungua bahasha ya mtihani. Kuna mmoja wamemtoa Amerika, alikaa huko miaka kumi na tano, ndiye aliyechora ramani kwa kuwa kijijini kwao ni karibu na hapa. Sasa huyo hajaonekana tangu Alhamisi. Bila yeye tanuri la tatu limesimama. Watu wanasema Wajapani wamemnunua."

Chungwa lilikuwa mkononi mwangu, nusu limemenywa.

"Anaitwa nani huyo?"

"Mhandisi Pyo. Mama? Mama, mbona umekaa chini?"

Nilimwambia. Ningeweza kunyamaza, Mama Tokpae asingesema. Kumsil alinitazama kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine.

"Ukienda kusema ulikosea," akasema, "watafungua faili la mjomba."

"Najua."

"Na mimi nitakuwa kwenye karatasi hiyohiyo."

"Najua, mwanangu. Niambie nisiende, sitaenda."

Kumsil akaokota maganda ya chungwa moja moja, akayaweka mfukoni mwa sketi, kitu alichokuwa akifanya toka utotoni kila alipopata hofu. Halafu akasema, "Vaa koti. Huko nje kuna upepo."

Kituoni walinikalisha kwenye benchi saa tatu nzima. Ofisa aliyenipokea alikuwa kijana, amechana nywele vizuri.

"Mimi ndiye niliyepiga simu," nikasema. "Nilikosea. Yule ni mtu wa kiwandani. Matope ni ya matembezi yao. Ramani ni ya matembezi yao."

"Tumeshasikia. Kiwanda kimepiga simu tangu jana."

"Sasa mbona yuko ndani?"

Akavuta faili. Halikuwa la Bwana Pyo. Lilikuwa la zamani, pembe zake zimelainika, na juu nililisoma jina la kaka yangu.

"We mama, hebu nisaidie," akasema. "Mtu anatoka Amerika baada ya miaka kumi na tano. Suwon ina nyumba za kupanga mia tatu. Anaziruka zote, anakwenda kulala kwa dada yake Chilbong. Kwa nini?"

Kumbe sikumshtaki mtu kwa sababu ya dalili zake. Nilimpa dalili ambayo hakuwa nayo.

"Kwa sababu basi linasimama mbele ya mlango wangu," nikasema. "Na chumba kina dirisha. Kaka yangu sijamwona miaka thelathini na minne. Akitokea leo sitamjua. Niandike mimi chochote unachotaka, lakini huyu hakujua hata jina la kaka yangu. Hajui hata bei ya sigara!"

Nilipotamka hilo nikajiziba mdomo. Ofisa akacheka. Akaniambia niende nyumbani.

Sikwenda nyumbani, nilikwenda sokoni. Kwetu mtu akitoka kifungoni hupewa tofu nyeupe, ile jibini laini ya soya, aile palepale mlangoni, isiyo na chumvi, ili asirudi tena. Jumatatu nilisimama getini pa kituo na kipande cha tofu kwenye kitambaa mpaka kikachacha. Jumanne nikanunua kingine. Adhuhuri likaja gari la kiwanda, wakaingia wazee wawili wa tai, na baada ya saa moja akatoka Bwana Pyo. Alitembea kama vile bado yuko kwenye ile kilomita ya sitini na nne. Jicho moja lilikuwa limefumba.

Nikamnyooshea tofu. Aliipokea kwa mikono miwili, akang'ata. Akatafuna mara mbili, kisha akaacha.

"Mama," akasema, "hata hawa wa kiwandani wameambiwa nusu saa iliyopita tu kwamba natoka. Wewe umejuaje?"

Wazee wa tai walikuwa wanamngoja mlangoni mwa gari. Ningesema nimeota. Ningesema ni Mama Tokpae.

"Sikujua. Nimesimama hapa tangu jana. Mimi ndiye niliyepiga simu."

Aliitazama tofu kwenye kitambaa. Nilidhani ataitupa, na ilikuwa haki yake. Akamaliza kutafuna, akameza kwa shida.

"Msonobari ni bei gani?" akauliza.

"Mia nne na hamsini."

"Siku nne walinipiga wakiniuliza hilo," akasema. "Hakuna hata mmoja aliyeniambia jibu."

Akaila tofu yote, akanirudishia kitambaa kimekunjwa.

Kumsil hawakumfukuza. Walimhamisha kwenye kufungasha maboksi miaka miwili bila kumpa sababu, kisha wakamrudisha bila kumpa sababu. Bwana Pyo alirudi chumbani kwangu jioni ileile, nami sikumuuliza kwa nini. Labda aliona ni afadhali akae na anayemjua. Alikaa miaka tisa. Mwaka uleule wa matembezi kile kijiwe kikatoka na kikafanya kazi. Baada ya elfu sitini na nne zikaja elfu mia mbili hamsini na sita, kisha milioni, na kiwanda kikameza kilima, na shamba la mipeasi, na mwisho duka la Mama Tokpae na ukuta wake. Magazetini walisema dunia nzima sasa inanunua kumbukumbu kwetu.

Lakini begi lake la ngozi lilikuwa na kufuli toka ile Jumanne. Nilipofagia nililizunguka.

Na kila sigara zilipopanda bei, nilimwambia asubuhi ninapomwekea supu. "Bwana Pyo, Msonobari zimekuwa mia tano."

"Asante, mama," alikuwa akisema, na kuiandika kwenye kijitabu. Hakuwa anavuta tena. Aliacha kituoni.