Mlango wa Mama Butoyi

Katekista Feliksi alikuwa na kipaji cha kusimulia, naye alikijua. Ndiyo maana Kwaresima ile, mwaka mmoja baada ya Warundi kukimbilia kwetu, alipofika kwenye somo la asili ya uovu alifunga katekisimu, akaiweka mezani, akawasimulia wanafunzi wake wa ubatizo habari ya windo la Imana, Mungu wa mababu.

Kigango cha Simbo kilikuwa kimejaa. Walikuwapo Waha wa kijijini na wakimbizi waliopewa vipande vya kulima mihogo. Hadithi ile waliijua wote, wa huku na wa ng'ambo ya mpaka, ambao lugha zao huelewana, maana bibi zao walikuwa wakiisimulia jikoni. Lakini hakuna aliyewahi kuisikia kanisani.

"Imana alitangaza," Feliksi alisema, "leo natoka na mbwa wangu kumwinda Mauti. Kaeni ndani, mtu asitoke. Watu wakatii. Mwanamke mmoja tu akabeba jembe lake akaenda shambani."

"Mwanamke," akasema mzee Dismasi kwenye benchi la mbele. "Si nilijua?"

"Ingekuwa wewe ungetoka kutafuta pombe," sauti ya mama mmoja ikamjibu kutoka nyuma. Watu wakacheka.

Feliksi aliwaacha wacheke, kisha akashusha sauti. "Mauti akaja mbio, ulimi nje, mbwa wako nyuma yake. Akamwambia yule mwanamke: nifiche. Mwanamke akamwonea huruma. Akafunua vazi lake, Mauti akaingia. Imana akafika, akauliza, mwanamke akasema sijaona mtu. Imana akamtazama. Akasema: haya, mmemtaka wenyewe, kaeni naye. Akawaita mbwa wake akarudi."

Feliksi akaweka kiganja juu ya katekisimu iliyofungwa.

"Mnaona? Hawa alinyoosha mkono kwenye tunda, huyu alifunua vazi. Uovu haukuvunja mlango wa mtu. Ulifunguliwa."

Maneno hayo ya mwisho yalimjia papo hapo, akayapenda. Alipanga kumwambia Padri.

Mkono ukainuka karibu na dirisha. Alikuwa Mama Butoyi, mjane wa Kirundi aliyejenga kibanda kando ya shamba la Dismasi. Butoyi mwenyewe, mwanawe, hakuwahi kuonekana Simbo, wala hakuna aliyeuliza yuko wapi. Mwaka ule mambo kama hayo hayakuulizwa.

"Mwalimu, yule mwanamke alijua kwamba ni Mauti?"

"Aliambiwa akae ndani. Hilo lilimtosha."

"Kwa hiyo mtu akija anahema, anasema nifiche..."

"Angefunga vazi lake, mama. Angelifunga, leo tusingekuwa tunachimba makaburi."

"Angefunga," Mama Butoyi alirudia polepole, kama mtu anayejifunza sala. Akakaa.

Feliksi alidhani amemjibu.

Wiki ile mvua haikupumzika. Mgambo walikuwa wakipita vijijini kuwakusanya wakimbizi wahamie kwenye makazi mapya upande wa Tabora, na malori yalisimama barabarani yakisubiri. Waliokuwa na mwenyeji wa kuwasemea waliachwa kwanza, na Mama Butoyi alisemewa na Dismasi. Wengine walipanda. Wengine walijificha.

Jioni, kabla giza halijaingia, msichana mmoja alikuja akikimbia kwenye ukingo wa shamba la Dismasi. Hakuwa wa Simbo. Alikuwa amelowa, anatetemeka kwa homa, kitambaa kimemganda kichwani. Akagonga kwa Mama Butoyi.

"Mama, mpisha," akasema kwa Kirundi. Nifiche. "Mume wangu yuko Ujiji, kaenda kutafuta kazi kwenye mitumbwi. Wakinipeleka hataniona tena. Nifiche mpaka malori yaondoke, basi."

Mama Butoyi alikuwa ndani, mkono juu ya komeo. Alimsikia akihema. Hakufungua.

Msichana aligonga tena, safari hii kwa kiganja, taratibu. Kisha hatua zake zikaelekea kwenye mihogo.

Aliyemkuta asubuhi ni Mwanvua, mfanyabiashara wa Ujiji aliyekuja kununua mihogo mikavu. Alimkuta kati ya matuta, amejikunja, majani ameyavuta juu yake kama shuka. Homa na mvua vilikuwa vimemmaliza. Mwanvua alivua kanga yake ya juu, akamfunika, akasimama njiani akapiga kelele mpaka watu wakatoka.

"Nyie watu wa Simbo! Kijiji kizima hamna mlango?"

"Hatukumwona, dada," Dismasi akasema.

"Usiniite dada. Matope ya miguu yake yameanzia wapi? Si hapo kwenye kile kibanda?"

Wote wakageuka. Mama Butoyi alikuwa amesimama nje ya mlango wake, mikono kichwani. Hakukana.

Walimzika alasiri ile, nyuma ya kigango. Hakuna aliyejua jina lake. Feliksi alikuja na kitabu cha sala na kanzu nyeupe. Kabla hajafungua kitabu, Mama Butoyi akasogea mpaka ukingoni mwa kaburi.

"Mwalimu, nilifunga."

"Nimesikia, mama."

"Sikuwaogopa mgambo. Mgambo ningewatengea ugali wangesahau walichofuata. Aliposema nifiche, nikamwona yule wa hadithi yako. Nikasema, leo Imana anawinda, mimi sitakuwa yule mwanamke."

Akaokota bonge la udongo, akaliponda kiganjani.

"Nami ni hai kwa nini, unajua? Askari walipokuja kwetu Nyanza-Lac, bibi mmoja ambaye hata hanijui alinilaza chini akanifunika kwa magome ya migomba. Wakamuuliza. Akasema sijaona mtu. Maneno yale yale, mwalimu. Sijaona mtu."

"Kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Ulikuwa unafurahi."

Dismasi alitazama miguu yake. Feliksi alikuwa amefundishwa kujibu maswali ya Wasabato na ya mashekhe wa Ujiji. Hakufundishwa kujibu hili. Alitamani amwambie kwamba hadithi ni hadithi tu, lakini yeye ndiye aliyeipandisha altareni.

"Huyo Yesu wako," Mama Butoyi akaendelea, "siku walipomwinda, nani alimficha?"

"Hakuna."

"Hata rafiki zake?"

"Walikimbia. Mmoja aliapa kwamba hamjui. Kisha wakajifungia ndani."

"Na yeye akafa."

"Akafa."

"Akawafanya nini, hao waliojifungia?"

Feliksi alilijua jibu tangu utotoni. Alikuwa amelifundisha kila Pasaka bila hata mara moja kulitazama. Sasa alilisema taratibu, akiogopa lisije likatoka tamu mno. "Alifufuka, akawafuata. Milango ilikuwa bado imefungwa. Akaingia hivyo hivyo, akasimama katikati yao."

"Akawaambia nini?"

"Amani iwe kwenu."

"Amahoro," Mama Butoyi akasema kwa lugha yake. Akaonekana kuisikiliza ndani ya kinywa chake. "Hakuwauliza kwa nini?"

"Hakuwauliza."

"Ni habari njema, mwalimu. Sikatai. Ila mimi bado namsikia huyu akigonga." Akamtazama marehemu ndani ya kanga ya Mwanvua. "Mzike na jina. Lile langu nililochagua la ubatizo wa Pasaka, Catherine, mpe yeye."

"Na wewe?"

"Mimi nitalibebaje, niliyemfungia mlango?"

Feliksi akasoma sala akiweka jina Catherine kila palipohitaji jina. Udongo uliolowa ulianguka mzito.

Padri alipokuja Simbo kwa Pasaka aliuliza kwa nini mwanafunzi mmoja wa ubatizo amepungua. Feliksi akamweleza yote, hata ile sehemu aliyokuwa ameipenda. Padri akasema, "Mwambie kwamba akina Catherine ni wengi mbinguni, wala hawagombanii jina. Mwambie maji ya ubatizo yapo." Feliksi hakusubiri hata chakula. Akapanda baiskeli mpaka kwenye kibanda cha Mama Butoyi.

Mlango ulikuwa wazi, ndani hamna mtu.

"Kaondoka alfajiri," Dismasi akasema. "Ujiji. Kaenda kumtafuta mume wa yule binti. Nikamwambia, shemeji, humjui jina, humjui sura. Akasema mtu lazima aambiwe mkewe yuko wapi."

Feliksi akateremka kwenda ziwani, baiskeli ikiteleza kwenye matope. Alimkuta ufukweni Ujiji, palipokuwa na mitumbwi na dagaa walioanikwa mchangani. Alikuwa anakwenda kwa kila kijana mwenye sura ya mgeni, anamsalimia, anamuuliza kwa Kirundi: ulikuja na mke? Ulimwacha wapi? Wengine walitikisa kichwa. Mmoja alisema ndiyo, akalia, lakini wake alikuwa amepotelea mbali sana na Simbo, huko walikotoka.

Feliksi alikuwa na maneno ya Padri tayari mdomoni. Yalikuwa maneno mazuri, na ya kweli. Akamwangalia yule mama alivyoinama kwa kijana anayeshona wavu, akasubiri jibu kwa adabu, akasogea kwa mwingine.

Akaegesha baiskeli kwenye ukuta.

"Mama," akasema, "huku umeshauliza?"

"Bado."

Akaenda kwenye mtumbwi wa kwanza wa upande ule, ambapo vijana wawili walikuwa wanakumba maji yaliyoingia ndani, akawaamkua. "Samahani," akasema. "Kuna mmoja wenu aliyemwacha mkewe njia ya Simbo?"

Walimtazama. Akauliza tena, kwa Kiha, safari hii bila kuipamba sauti.